Usiulize Nani Alianza

Kanuni ya kwanza tulifundishwa Jumamosi,
feni ya darasa ikiwa imekufa tangu Januari.
Mwalimu Nyamizi aliiandika kwa chaki ya bluu,
akaipigia mstari mara mbili:
USIULIZE NANI ALIANZA.
Ugomvi, alisema, ni bomba lililopasuka;
ukishughulika kumtafuta aliyelipasua,
mtaa mzima utalala na matope.

Nikanakili. Nina mwandiko mzuri.
Nikapewa kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi,
kaunta buku,
na benchi nyuma ya maabara, mguu wake mmoja tofali.
Wasuluhishi rika, tulikuwa sita.
Wenzetu walituita Baraza la Kata.

Wiki ya kwanza: bikari iliyorudi bila sindano,
zamu ya choo iliyorukwa, deni la andazi.
Mmoja anasema, mwenzake ananyamaza,
kisha mwenzake anarudia alichosikia.
Basi.
Mtu akisikia maneno yake kinywani mwa adui
mabega yanashuka. Nimeyaona.

Jumatano akaletwa Siwema
na Godlisten, pamba puani, kola inaning'inia.
Chupa ya maji. Ilikuwa imejaa.

Mnaikumbuka masika ile,
Msimbazi ulipoingia Vingunguti bila hodi,
ukabeba magodoro, ukabeba vyeti.
Siwema alirudi shule baada ya siku tisa
na sketi ya zambarau ya binamu yake
katikati ya sketi zetu za bluu,
madaftari yamekaushwa kwa pasi,
kila ukurasa ukifunuliwa unalia kama chapati ya jana.
Mstarini mtu mmoja akasema, "Mafuriko huyo."
Mstari ukacheka.
Jina likashika, mpaka wapishi wa uji wakalijua.

"Sema," nilimwambia.
"Ameniita."
"Amekuitaje?"
"Unajua."

Godlisten akarudia, kama kanuni inavyotaka:
"Anasema nimemwita jina.
Lakini mimi sikulianzisha."
Nikainua mkono. Hapa hatuulizi nani alianza.
Sauti yangu ilitoka laini, sauti ya mafunzo,
na kanuni ikanifunika kama mwavuli,
nami nikakaa chini yake, mkavu.

Siwema hakunitazama usoni.
Alitazama kitambaa.
"Rangi nzuri hiyo," akasema.

Ng'ambo ya ukuta fundi alikuwa anakata nondo.
Akaacha.
Ndipo nilipojisikia napumua.

Fundo lilikuwa gumu kwa mkono mmoja;
Godlisten akanisaidia kulifungua, hajui kwa nini.
Nikahamia upande wake. Benchi likayumba.
Huku wawili, kule yeye,
katikati hapana mtu.
"Ni mimi," nikasema. "Mstarini, siku ile."
"Najua. Nilikuwa mbele yako."

Sitasema alinisamehe. Hakusema.
Alisema nirudie.
Akaanza: maji saa nane usiku,
mdogo wake juu ya kabati,
sufuria ikielea chumbani na ukoko wa ugali ndani yake,
mama yake kashika nondo ya dirisha, maji yamefika kidevuni,
anawaambia wahesabu, wahesabu tu, wasinyamaze.
Walifika elfu tatu na kitu.

Nikarudia. Saa nane. Kabati. Sufuria.
Kwenye kidevu cha mama sauti ikagoma.
Godlisten akamalizia, kwa pua iliyoziba,
mpaka elfu tatu.

Kaunta buku ina safu nne.
Kwenye wahusika nikaandika majina matatu.
Kwenye makubaliano sikujua niandike nini,
nikaandika: tumesikia.
Sahihi ya msuluhishi nikaiacha wazi.

Kengele ikagonga.
Siwema akaivuta kalamu vidoleni mwangu,
akainama, akaandika polepole
kwa herufi kubwa zilizovuka mpaka wa safu:
SIWEMA ATHUMANI PAZI.